Ufa Nyuma ya Fremu ya Bima

Ukata, Mbinga
12 Machi 2001

Mpendwa Mama Recho,

Shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba usilitaje jina langu gazetini kwa sababu huku kwetu gazeti lako hata wasiojua kusoma wanasomewa, na majina ya watu humu ndani nimeyabadilisha. Mimi ni msichana wa miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne mwaka jana. Si mtu wa kusema sana, shuleni walikuwa wananiita Bubu, na barua hii nimeianza mara tatu nikaichana, lakini sasa nina hasira, na sijui hasira hii ni ya nani, ya baba yangu, ya wakala wa bima, au yangu mimi mwenyewe.

Mwaka ule kahawa ilipopata bei nzuri na wanunuzi binafsi walipoanza kupita vijijini na mizani zao, baba yangu, Tarsisi, alijenga nyumba ya matofali ya kuchoma na bati, nyumba ya kwanza upande wetu wa mlima kuwa na vioo madirishani. Kama unavyojua, huku hakuna mahali tambarare, kwa hiyo aliukata mlima akapata uwanja, na bibi, mama yake baba, akang'ang'ania kwamba nyuma ya nyumba uchimbwe mfereji wa kukata maji yanayoshuka kutoka juu ili yapite pembeni. Kila Oktoba kabla ya mvua bibi alikuwa anapika pombe, majirani wanakuja kwa ngokela, yaani kazi ya kusaidiana, wanauzibua mfereji, wanaziba nyufa, wanapanda juu kugongea misumari ya bati iliyolegea, halafu wanakunywa na kutaniana mpaka jua linazama. Tulikuwa tunaiita Siku ya Mfereji, na mimi nilikuwa naipenda kama Krismasi.

Julai 1998 nikiwa likizo, kidato cha pili, akaja wakala wa bima, nimwite Bwana Kilian, amefunga tai katikati ya watu wanaochuma kahawa, akasimama uani akaiangalia nyumba yetu akatikisa kichwa, akamwambia baba, "Mzee, nyumba kama hii kuiacha bila bima ni sawa na kumwacha mtoto bila ubatizo." Baba alicheka sana akamkaribisha ndani, na ndivyo alivyoingia. Akaipiga nyumba picha pande zote nne, na baada ya wiki mbili akarudi na mkataba wa bima, kurasa sita, wote kwa Kiingereza. Baba akaita majirani, akamwita na mdogo wake, baba mdogo Erasmo ambaye ni fundi uashi, akachinja kuku, akaniketisha katikati ya sebule akasema, "Leo mtasikia ada zangu za shule zinakokwenda. Soma, mwanangu, uwatafsirie."

Mama Recho, mimi nikiangaliwa na watu watatu naangalia chini, na siku ile walikuwa zaidi ya ishirini. Lakini ukurasa wa kwanza na wa pili nilizisoma vizuri, moto, radi, tufani, na watu wakapiga makofi. Ukurasa wa tatu kulikuwa na mstari nilioujua, nikasema, "Baba, hapa wanasema nyumba isibadilishwe bila kampuni kujulishwa," na baba akawaambia watu, "Mmesikia? Isiguswe!" Kisha nikafika ukurasa wa nne. Maandishi yalikuwa madogo kama ulezi na maneno sijawahi kuyaona, nikaanza mstari wa kwanza nikakwama, nikaanza tena nikakwama, na mtu mmoja kule nyuma akasema, "Gari limenasa tope hilo," watu wakacheka. Nikatamani ardhi ipasuke nitumbukie. Nikafunga karatasi nikasema, "Hizi zilizobaki ni sheria za ofisini tu, Baba." Bwana Kilian alikuwa amekaa pale pale akitafuna paja la kuku, na yeye anajua ukurasa ule unasema nini, lakini aliitikia, "Ndiyo, ndiyo, mambo ya ofisini hayo," akaendelea kutafuna.

Baba akaupeleka mkataba Mbinga mjini ukatiwa fremu ya kioo, akautundika sebuleni kando ya picha ya Moyo Mtakatifu.

Oktoba ilipofika bibi akamwambia baba, "Tarsisi, mwezi wa kumi huu. Niloweke ulezi wa pombe?"

Baba akasema, "Mama, mfereji ni sehemu ya nyumba, na nyumba haiguswi. Tena nimeshalipa watu wa kuiangalia."

"Hao watu wako watakuja lini na majembe?"

"Hawaji na majembe, Mama. Wao wanakuja na hundi."

"Basi hundi yako ikalale chumbani kwangu huko nyuma, mimi nihamie kwako mbele."

Tulicheka, hata baba alicheka, lakini mfereji haukuzibuliwa. Mwaka uliofuata majirani walikuwa wanapita na majembe kwenda kwenye ngokela za wengine na baba anawapigia kelele kutoka barazani, "Chimbeni, chimbeni, ninyi msio na bima!" Mama Recho, huyu ni mtu ambaye shambani akiona ngoro moja, yale mashimo tunayolimia mlimani kuzuia maji, imebomoka ukingo hawezi kupita, atainama airekebishe hata kama amevaa nguo za kanisani. Bibi alipochukua jembe akaanza kuuchimba mwenyewe, baba alimnyang'anya, akasema watu watamwonaje, mtu mwenye bima anamlimisha mama yake mzee.

Mwaka 1999, mvua zilipokuwa zinaisha, ukatokea ufa kwenye ukuta wa sebule unaopakana na chumba cha bibi, unaanzia juu ya mlango wake unashuka kwa mshazari, mwembamba kama uzi. Baba mdogo Erasmo alipouona akaenda akarudi na mwiko na ndoo ya simenti, na baba akasimama mbele ya ukuta amepanua mikono kama golikipa.

"Usiguse! Nyumba imepigwa picha."

"Picha walipiga nje, kaka. Ufa huu uko ndani."

"Picha ni picha. Ukiibadilisha watasema siyo nyumba ile waliyoiandika."

"Kwa hiyo nyumba ikianguka itakuwa ndiyo ile ile?"

"Ikianguka wanalipa! Wewe fundi usiye na cheti unataka kunifundisha bima?"

Baba mdogo aliondoka na ndoo yake na simenti ikamgandia njiani. Baba akaing'oa ile fremu ya mkataba kando ya Moyo Mtakatifu, akaitundika juu ya ufa, akarudi nyuma hatua mbili akaangalia, akasema, "Haya, ufa uko wapi?" Na ufa ulipokuwa ukirefuka anaishusha fremu kidogo, na sehemu ya juu anaifunika kwa kalenda. Mimi niliyaona yote haya kila likizo na sikusema neno.

Jumanne tarehe 20 Februari mwaka huu, saa tisa mchana, mvua ilikuwa siku ya tatu haijakatika, mimi nilikuwa jikoni, bibi amekaa kitandani kwake anachambua maharage. Nikasikia kishindo, kile cha gunia la kahawa likitupwa kutoka kwenye lori, na bati zikalia, na nilipotoka ukuta wa nyuma haukuwepo, kulikuwa na tope na matofali na sauti ya bibi inaniita jina langu la nyumbani. Maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya nyumba yakauloweka ukuta mpaka ukashindwa. Tulimfukua kwa mikono, mimi na mama na baba mdogo. Mguu wake umevunjika mahali pawili. Wanaume walimbeba kwa machela mpaka barabarani na sasa yuko hospitali ya misheni, amefungwa plasta mpaka kiunoni, na ana miaka sabini na sita.

Asubuhi yake nikamwona baba anatoka na jembe. Moyo wangu ulifurahi, nikadhani anakwenda kuondoa tope chumbani kwa bibi. Akazunguka nyuma akaanza kuchimba mfereji. Alichimba mpaka mchana peke yake, halafu akaleta magunia ya maganda ya kahawa na majani makavu ya migomba akayamwaga juu ya udongo ule mpya ili uonekane wa zamani. Nikamwuliza, "Baba, unafanya nini?" Akanijibu bila kuinua kichwa, "Nasafisha mfereji wa Oktoba."

Siku tisa baadaye akaja mkaguzi wa kampuni kutoka Songea, nimwite Bwana Baltazar. Mfereji aliutazama akaandika tu. Lakini sebuleni akaiona ile fremu imetundikwa chini kama ya kusomwa na watoto, akaiondoa, na nyuma yake ufa unaingia vidole viwili na ndani yake nyigu wamejenga viota vya udongo kuanzia juu mpaka chini. Baba akasema haraka haraka, "Huu umetokea wiki hii hii ya mvua." Bwana Baltazar akachungulia ndani ya ufa akasema, "Na hawa nyigu nao wamehamia wiki hii hii?" Hakucheka. Akasema atarudi baada ya Pasaka, na akute maelezo ya maandishi ya watu wazima wa nyumba hii, nani aliitunza nyumba, alifanya nini na lini, kila mtu na sahihi yake.

Sasa baba anataka maelezo hayo niyaandike mimi, kwa Kiingereza, kwamba mfereji ulizibuliwa kila Oktoba na ufa haukuwepo, na nitie sahihi, na baba mdogo atie sahihi, na bibi apige dole gumba. Baba mdogo amekataa na hawasalimiani tena. Baba alikwenda hospitali na kibweta cha wino alichoazima kwa mwenyekiti wa kijiji, mimi nilikuwepo. Bibi akaingiza mkono chini ya blanketi akasema, "Dole langu linauma." Baba akasema, "Mama, uliovunjika ni mguu." Bibi akasema, "Maumivu yamepanda," akafumba macho mpaka baba akaondoka.

Kwangu mimi baba hapokei udhuru. Kila jioni ananiambia mbele ya mama, "Wewe ndiye uliyenisomea vibaya, wewe ndiye utakayeandika vizuri." Anawaambia hata watu kanisani kwamba nyumba yake imeangushwa na msomi wake. Anasema nisipoandika, chuo cha uuguzi nisahau, nitabaki hapa nichume kahawa mpaka nizeeke. Mama anasema, "Andika tu, mwanangu, yaishe." Na kinachoniumiza ni kwamba kuna ukweli ndani yake, kwa sababu baada ya bibi kupelekwa hospitali nilikwenda parokiani nikaazima kamusi kwa sista, nikautoa mkataba kwenye fremu, nikausoma ule ukurasa wa nne neno kwa neno, siku mbili nzima, kisha nikaurudisha. Unasema mwenye nyumba atunze jengo na mifereji yake katika hali nzuri, na kwamba kampuni hailipi uharibifu unaotokana na uchakavu, wadudu, au kutotengeneza jambo ambalo mwenye nyumba alikuwa analiona. Ningeusoma siku ile bibi angekuwa anatembea.

Sisi bado tunalala vyumba vya mbele na mvua inaendelea, ukuta wa upande wa jikoni nao umeanza kuachana kidogo na kona, lakini hilo siyo ninaloandikia. Ninachoomba unijibu ni hiki. Je, nikiandika uongo huu nitakuwa nimelipa kosa langu kwa baba, au nitakuwa nimefanya la pili? Na mtu mwenye aibu kama mimi anamwambiaje baba yake hapana?

Wako mwenye uchungu,
Binti wa Ukata

MAMA RECHO ANAJIBU

Marahaba, binti yangu. Bubu hawezi kuandika barua ndefu hivi, kwa hiyo jina hilo walilokupa shuleni lirudishe kwa wenyewe.

Nianze na mstari ambao umesema siyo unaoandikia. Ukuta wa upande wa jikoni unaachana na kona, mvua inanyesha, na ninyi mnalala humo ndani! Umenijazia kurasa za karatasi ya bima, na nyumba inayotaka kuwaangukia umeipa nusu mstari. Umejifunza kwa baba yako, yeye alifunika ufa kwa fremu na wewe umeufunika kwa barua. Gazeti likikufikia, usimalize kusoma. Kamwambie mama yako mhamishe mikeka mwende kwa baba mdogo Erasmo leo, na baba yako akitaka kubaki na bima yake abaki nayo. Erasmo akate magogo auegemeze ukuta huo kwa nje mpaka mvua zikatike, halafu aukague. Sasa rudi tuendelee.

Hasira yako unauliza ni ya nani. Igawe kwa haki. Fungu la kwanza mpe yule wakala. Mtu mzima, amefunga tai, amekaa kwenye kiti cha wenyewe anatafuna kuku wa wenyewe, anamsikia mtoto wa miaka kumi na mitano anaruka ukurasa unaobeba mkataba mzima, naye anaitikia "mambo ya ofisini". Alijua. Alinyamaza kwa sababu angetafsiri masharti yale baba yako angeuliza maswali, na maswali yangechelewesha sahihi. Jambo hilo liandike kwenye maelezo yako kama ulivyoniandikia mimi, na kuku asikosekane, na nakala ipelekwe kwenye ofisi ya serikali inayosimamia makampuni ya bima. Huu ni wakati wa kila mtu kuja na biashara yake, lakini soko huria halikumpa mtu ruhusa ya kuuza karatasi ambayo mnunuzi hawezi kuisoma.

Fungu kubwa ni la baba yako, na najua anasoma au anasomewa, kwa hiyo nasema naye. Bwana Tarsisi, ambalo silo jina lako, wewe unanyoa ndevu kila Jumamosi na hujawahi kuogopa kwamba padri atasema si wewe aliyembatiza. Kuziba ufa si kubadilisha nyumba! Kuzibua mfereji si kubadilisha nyumba! Wewe ni Mmatengo, watu wako wamelima kwenye miteremko ambayo wengine tunaogopa hata kuipanda, kwa sababu mnajua maji ya mlima yasiposimamishwa yanaondoka na shamba. Jambo unalolijua kwa ngoro ya maharage hukulijua kwa chumba cha mama yako? Ulilijua. Ulipenda tu kukaa barazani ukawacheka wenye majembe. Mimi nimekulia Lundo kandokando ya ziwa, na kwetu sijaona mtu anayeketi ndani ya mtumbwi unaovuja akawaambia wenzake wasiuguse kwa sababu umepigwa picha. Bima ni kwa ajili ya lile linalokuja bila kukupa nafasi. Ufa ulikupa nafasi mvua mbili nzima, na mama yako alikuambia kila Oktoba bila kukosa. Ulichofanya asubuhi ya pili, mama yako yuko hospitali na wewe unatandaza maganda ya kahawa, hicho sitakipatia jina hapa kwa sababu gazeti hili linasomwa na watoto.

Fungu dogo ni lako, binti, nalo ulichukue. Ukurasa ule siku ile nakusamehe, ulikuwa mtoto na watu walikucheka. Lakini mkataba ulikaa ukutani miaka miwili na nusu, na kamusi ilikuwa parokiani siku zote. Uliona fremu inashushwa ukanyamaza. Uliona maganda ya kahawa ukauliza swali moja ukanyamaza tena. Aibu si dhambi, lakini aibu yako imeshamlaza mtu hospitali, kwa hiyo imetosha.

Unaniuliza kama uongo huu utalipa kosa lako. Hautalipa kitu. Kosa lako lilikuwa kuacha maneno ya kweli yasisikike, na baba yako anataka ulifanye tena, safari hii kwa makusudi na kwa sahihi yako. Mkaguzi aliyeulizia nyigu atashindwa kuwauliza majirani wote waliokuwa wanachekwa kutoka barazani? Ukigundulika, kampuni itakuwa na sababu ya kukataa kila kitu, na wewe unayetaka kuwa muuguzi utaanza kazi na sahihi ya uongo. Usitie. Na dole la bibi yako lisichukuliwe. Amekwisha kujibu kwa namna yake, na kuliko ninyi wote yeye ndiye ninayemheshimu katika habari hii.

Andika maelezo, ndiyo, lakini yako. Kwa Kiswahili, lugha ambayo hutakwama. Andika nyumba ilijengwa lini, mfereji ulizibuliwa mara ya mwisho lini, ufa ulionekana lini, nani alikuja na simenti na aliambiwa nini, na mfereji wa sasa ulichimbwa tarehe gani. Omba wakague na bati, kama upepo uliezua upande wowote, kwa sababu huenda kuna sehemu wanayopaswa kulipa kweli, na sehemu hiyo mtaipata kwa ukweli tu. Mwombe Erasmo aandike yake. Chuo usikifanye kamba ya kufungwa nayo. Nenda kwa sista aliyekuazima kamusi, mweleze unataka uuguzi na mambo yalivyo, na umsaidie kazi huku mkitafuta njia. Masista wanajua milango ambayo baba yako haijui.

Kuhusu kumwambia baba yako hapana, sikutumi ukagombane naye. Neno hilo ni zito kwa binti wa kwetu, nakubali. Kwa hiyo usilitumie. Mwambie Erasmo awaite watu wale wale waliokula kuku siku ile, na mwenyekiti, na mtu wa gari kunasa tope asikose, wakae uani mbele ya ukuta ulioanguka. Uchukue mkataba, uutoe kwenye fremu, usome ukurasa wa nne wote kwa sauti, uwatafsirie. Ukikwama, shika pumzi, angalia karatasi uliyoandika kwa kamusi, uendelee. Acha wacheke. Ukimaliza waambie, "Huu ndio niliouruka, na haya ndiyo maelezo yangu," uyasome nayo. Baba yako atakuwa amejibiwa, na neno hapana hutakuwa umelitamka mbele yake.

Kisha usiwaache waondoke. Watu wamekusanyika, mlima uko pale pale na maji bado yanashuka, na mfereji wa baba yako umejazwa maganda na majani. Chukua jembe uanze wewe. Wakiona binti aliyesoma anachimba, sidhani kama watakaa kukutazama, na kama pombe haipo watakusamehe.

Jioni yake mama yako abaki huko kwa Erasmo, wewe upande gari la kwenda hospitali. Mwambie bibi yako autoe mkono chini ya blanketi, hakuna wino tena. Mwambie mfereji wake umezibuliwa.

Mama Recho